Nilihesabiwa "mwenye kazi" kwa kukata nyasi masaa matatu: tuongee namba za ajira za Marekani

#1 Mkata Nyasi

Wakuu, salaam.

Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, ripoti ya ajira ya Marekani ikishatoka, humu ndani huwa kama mnadani. Mmoja anapiga kelele "zimeongezeka 150,000, uchumi umepona!" Mwezi unaofuata zimeongezeka 60,000, na huyo huyo anatandika mkeka wa msiba. Nimechoka kujibu kwenye nyuzi za watu, nimeamua nifungue wa kwangu. Nitatumia zaidi miaka ya 2010 hadi 2014, kwa sababu namba za wakati ule zimeshatulia, kila rekebisho limeshafanywa. Halafu mimi mwenyewe nilikuwa ndani ya hizo namba. Simaanishi kwa mafumbo, nilikuwemo kweli.

Mwezi wa tano 2010 nilikuwa Ohio. Ghala nililokuwa nafanyia kazi lilikuwa limeshapunguza watu, na mimi nikiwa mmojawapo. Tulikuwa tunaishi wawili, mimi na jamaa ambaye hapa nitamwita Mpangaji, naye hana kazi. Siku moja akabisha hodi mama mmoja mwenye kompyuta mpakato. Akaeleza kwamba ametumwa na Ofisi ya Sensa, na kwamba nyumba yetu imeangukia kwenye sampuli ya utafiti wa kaya wa kila mwezi. (Si ile sensa ya kila miaka kumi, ingawa mwaka ule ilikuwepo pia. Nayo tutaifikia, ina vituko vyake.)

Nikamkaribisha kwenye kochi. Swali lililonikaa kichwani ni hili: wiki iliyopita, ulifanya kazi yoyote ya malipo? Nikacheka. Nikamwambia kazi sina, ila Jumanne nilimkatia jirani nyasi, kanipa dola 40. Masaa mangapi? Matatu. Akaandika. Sikujua siku ile, lakini palepale nilishakuwa mwajiriwa kwa hesabu za taifa. Ukifanya hata saa moja ya kulipwa katika wiki inayopimwa, ambayo ni wiki yenye tarehe 12 ya mwezi, una kazi. Kwisha.

Akamgeukia Mpangaji. Hakuna kazi aliyofanya. Ndani ya wiki nne zilizopita amefanya nini kutafuta kazi? Ametuma maombi sehemu tatu. Huyo akaandikwa hana ajira.

Mwezi wa sita mama akapiga simu, maswali ni yale yale. Mimi nilikuwa nimekata tena nyasi za jirani. Mpangaji alikuwa amekata tamaa, akajibu kwamba mwezi huu ameangalia tu matangazo kwenye intaneti, hajaomba popote. Kwa kanuni zao, kuangalia matangazo bila kuomba si kutafuta. Kwa hiyo Mpangaji hakuwa tena "asiye na ajira". Alitolewa kabisa kwenye nguvukazi (yaani wenye kazi pamoja na wanaoitafuta), akawekwa kundi moja na wastaafu na wanafunzi.

Sasa pigeni hesabu ya nyumba yetu. Mwezi wa tano: nguvukazi watu wawili, asiye na kazi mmoja, ukosefu wa ajira asilimia 50. Mwezi wa sita: nguvukazi mtu mmoja, naye ana kazi, ukosefu wa ajira asilimia 0. Tulikuwa tumetokomeza tatizo la ajira, na friji ndani ina mayai manne na chupa ya haradali.

Mnaona kama utani, lakini Juni 2010 taifa zima lilifanya kitu cha namna hiyo. Kiwango kilishuka kutoka 9.7 hadi 9.5. Ripoti hiyo hiyo ikasema waajiri wamepunguza ajira 125,000, na nguvukazi imepungua kwa watu 652,000. Ajira zimepungua, na ukosefu wa ajira nao umepungua. Ripoti moja, asubuhi moja.

Nitaendelea, acha nikanywe maji.

#2 Sauti ya Saba

Nimekaa mbele kabisa. Haradali imenimaliza.

#3 Nyundo Baridi

Mkuu, mimi nilikuwa najua hizo namba zinatokana na watu wanaojiandikisha kulipwa bima ya kukosa kazi. Kumbe wanapita nyumba kwa nyumba?

#4 Mkata Nyasi

Wengi wanaamini hivyo, hata Wamarekani wenyewe. Takwimu za madai ya bima zipo, hutoka kila Alhamisi, lakini ni kitu kingine. Kama kiwango kingetokana na bima, mtu ambaye malipo yake yameisha angepotea kwenye hesabu, na kipindi kile kulikuwa na watu waliokula bima hadi wiki 99 zikaisha bado hawajapata kazi.

Ripoti ya kila mwezi ina tafiti mbili ndani yake, na hapa ndipo vurugu zote zinapoanzia. Ya kwanza ni ya kaya, kama 60,000, inayotoa kiwango cha ukosefu wa ajira. Ya pili ni ya waajiri: makampuni na ofisi za serikali zaidi ya laki moja zinajibu zimelipa watu wangapi katika kipindi cha malipo chenye tarehe 12. Hiyo ndiyo inayotoa ile namba ya "ajira zimeongezeka kadhaa", bila kilimo. Zote mbili hutangazwa pamoja na Ofisi ya Takwimu za Kazi, BLS, saa mbili na nusu asubuhi kwa saa za Washington.

Utafiti wa kaya unahesabu watu. Wa waajiri unahesabu nafasi. Mwenye kazi mbili kwenye kaya ni mtu mmoja, kwa waajiri ni wawili. Mkata nyasi kama mimi kwenye kaya nina kazi, kwa waajiri sipo kabisa, maana hakuna mwajiri aliyeniandika kwenye orodha yake ya mishahara.

#5 Binti Hesabu

Nyongeza kidogo, mkuu. BLS hawakuficha watu kama wewe na Mpangaji. Wana vipimo sita, U-1 mpaka U-6. Kinachosomwa kwenye habari ni U-3. Wewe unayekata nyasi masaa matatu huku ukitaka kazi ya kutwa unaingia U-6, kundi la wanaofanya kazi za muda kwa kukosa nyingine. Mpangaji pia anaingia humo, ilimradi aliwahi kutafuta ndani ya miezi 12 na bado anataka kazi. Wakati U-3 iko kwenye 9.7, U-6 ilikuwa juu ya asilimia 16. Namba ilikuwepo, jedwali A-15, watu hawafiki huko.

#6 Mkata Nyasi

Sahihi kabisa Binti Hesabu, karibu uzini. Ndiyo maana sipendi neno "wanaficha". Kila kitu kimewekwa mezani. Tatizo ni kwamba meza ina kurasa arobaini na mtu anasoma mstari mmoja.

Turudi kwenye ile sensa. Mei 2010 waajiri walionekana kuongeza ajira 431,000. Ukisikia hivyo bila kuambiwa kingine, unarusha kofia. Lakini 411,000 kati ya hizo walikuwa vibarua wa muda wa sensa ya miaka kumi, wale wa kupita milangoni. Sekta binafsi iliongeza 41,000 tu. Mwezi uliofuata, ile "125,000 zimepotea" iliyotisha watu, nayo ilitokana na vibarua 225,000 wa sensa kumaliza mkataba. Sekta binafsi ilikuwa imeongeza 83,000. Kwa maneno mengine mwezi uliosifiwa ulikuwa dhaifu, na mwezi uliolaaniwa ulikuwa na nafuu kidogo. Aliyesoma kichwa cha habari peke yake alidanganyika mara mbili, na kila mara kwa upande wake.

#7 Nyundo Baridi

Sawa, lakini hizo ni sensa, hutokea mara moja kwa miaka kumi. Miezi ya kawaida je? Mimi bado naona ikiongezeka imeongezeka, ikipungua imepungua. Mnazunguka sana.

#8 Mkata Nyasi

Hapa sasa ndipo nilipofungulia uzi, mkuu. Vuta kiti.

Kuanzia mwanzo wa 2008 hadi Februari 2010 Marekani ilipoteza ajira kama milioni 8.7. Zilirudi zote, kwa idadi, Mei 2014. Hiyo ni miezi 51. Gawanya: kama 170,000 kwa mwezi, kwa wastani. Hiyo ndiyo kasi ya kufufuka kwenyewe.

Lakini watu wanaongezeka. Vijana wanamaliza shule, wageni wanaingia. Wachumi wakati ule walikuwa wanataja kati ya 100,000 na 150,000 kwa mwezi ili tu usirudi nyuma. Chukua ya chini, 100,000. Inabaki 70,000 kwa mwezi ya kuziba shimo lenyewe.

Na BLS wenyewe walikuwa wanaandika kwamba badiliko la mwezi mmoja kwenye utafiti wa waajiri lina kosa la sampuli la 100,000 hivi, juu au chini.

Soma tena hapo. Kitu unachokitafuta kina ukubwa wa 70,000. Mkono unaokipima unatetemeka kwa 100,000. Mwaka 2009 uchumi unaanguka, ajira laki sita, laki saba zinapotea kwa mwezi, hukuhitaji darubini, hata mtetemo wa laki moja ungeona tu kwamba nyumba inaungua. Uchumi ukiwa umechangamka kweli, laki tatu au nne kila mwezi, pia utaona. Ni kwenye kufufuka kwa mwendo wa kinyonga ndipo mwezi mmoja hauna uwezo wa kukuambia chochote, na ndicho kipindi hicho hicho watu wanakuwa na kiu ya kuambiwa kila mwezi. Kwa hiyo "ikiongezeka imeongezeka" si kweli, Nyundo. Ikiandikwa +60,000, inawezekana ukweli ni +150,000 au ni -30,000, na vyote vinaendana na kilichopimwa.

#9 Binti Hesabu

Ukali kidogo hapo: hiyo 100,000 ni kwa uhakika wa asilimia 90. Yaani hata huo ukingo, mwezi mmoja katika kumi unaweza kutoka nje yake. Na kwa kiwango cha ukosefu wa ajira ni kama 0.2 kila upande. Kikitoka 9.1 kuwa 9.0, kitakwimu hakijaenda popote.

#10 Sauti ya Saba

Kwa hiyo wale wachambuzi wa televisheni wanaobishana saa nzima kuhusu 9.1 na 9.0 wanabishana kuhusu nini?

#11 Binti Hesabu

Kuhusu matangazo ya biashara yatakayofuata 😅

#12 Mkata Nyasi

Tuchukue mfano ninaoupenda kuliko yote, maana mwezi huo nyumba yetu tena ilikuwa kwenye sampuli. Wanakuuliza miezi minne, wanakupumzisha minane, wanarudi minne. Agosti 2011 ilikuwa mara yetu ya mwisho.

Ripoti ikatoka mwanzoni mwa Septemba: ajira zilizoongezeka, SIFURI. Si elfu moja, si elfu mbili. Sifuri kavu. Kiwango kikabaki 9.1. Mnaweza kufikiria. Wiki chache nyuma Marekani ilikuwa imetoka kwenye mvutano wa ukomo wa deni, masoko ya hisa yameporomoka, halafu serikali inatangaza sifuri. Kila mtu akasema uchumi umezama tena. Mimi nakumbuka nilisoma nikiwa nasubiri basi, nikaona kabisa kwamba safari yangu ya kwenda kwenye usaili ni ya bure.

Lakini fungua ripoti yenyewe. Wafanyakazi 45,000 wa kampuni ya simu ya Verizon walikuwa kwenye mgomo. Aliyegoma kipindi chote cha malipo hajalipwa, kwa hiyo kwa waajiri hahesabiki, ingawa kazi yake ipo na alirudi nayo mwezi uliofuata. Ondoa hiyo, tayari si sifuri. Mwezi uliofuata wakarekebisha: 57,000. Mwezi mwingine tena: 104,000. Yaani ule mwezi wa kuzama ulikuwa mwezi wa kawaida wa wakati ule, goigoi kama ndugu zake. Na hakuna gazeti lililoweka "Samahani, haikuwa sifuri" ukurasa wa mbele.

Sifuri inatisha kwa sababu ni namba yenye umbo. +20,000 isingetisha hivyo, na tofauti ya 0 na 20,000 katika wafanyakazi zaidi ya milioni 130 ni vumbi.

#13 Nyundo Baridi

Hapo hapo nakubana. Namba inatoka sifuri inakuwa 104,000 halafu mnasema haipikwi? Na 2012 je? Mwezi mmoja kabla ya uchaguzi wa Obama kiwango kikaanguka ghafla chini ya asilimia 8. Hata Jack Welch, aliyekuwa mkuu wa General Electric, alilalamika Twitter kwamba namba zimechezewa.

#14 Mkata Nyasi

Nilikuwa nakusubiri na hiyo.

Marekebisho kwanza. Namba ya kwanza inatoka wakati waajiri wengine hawajajibu. Wanaochelewa wanaletwa mwezi wa pili na wa tatu. Ndiyo maana kila mwezi una matoleo matatu, kisha mara moja kwa mwaka wanapima upya yote kwa kumbukumbu za kodi ya bima ya kukosa kazi, ambazo karibu kila mwajiri lazima azilete. Hiyo ya mwaka ndiyo inayouma: kwa Machi 2009 walikuta walikuwa wamezidisha ajira kwa 902,000. Sababu mojawapo ni kwamba kampuni iliyokufa haijibu dodoso, na iliyozaliwa jana haimo kwenye orodha, kwa hiyo wanakadiria kwa mfumo wa vizazi na vifo vya biashara. Uchumi ukigeuka ghafla, makadirio yanabaki nyuma. Mpishi wa kuibeba serikali angeacha 902,000 zitoke?

Sasa 2012. Septemba kiwango kilishuka kutoka 8.1 hadi 7.8. Utafiti wa kaya ulisema wenye kazi wameongezeka 873,000 kwa mwezi mmoja, kitu ambacho kwa kweli hakiaminiki. Lakini utafiti wa waajiri, ripoti hiyo hiyo, ulisema 114,000. Mpishi gani anapika sufuria moja na nyingine anaiacha mbichi kwenye jiko lile lile? Ile 873,000 ilikuwa mtetemo wa sampuli, utafiti wa kaya unatetemeka zaidi ya ule wa waajiri. Na ripoti iliyofuata, siku nne kabla ya kura, kiwango kilipanda kuwa 7.9. Kama ni njama, waliisahau katikati.

Mambo haya hayaishi. Agosti 1, 2025, ilitoka ripoti iliyopunguza Mei na Juni kwa jumla ya 258,000, na siku hiyo hiyo Rais Trump akamfukuza kamishna wa BLS, Erika McEntarfer. Chama kimebadilika, lawama ni ile ile.

#15 Nyundo Baridi

Sijakubali asilimia mia, ila ya sufuria imenigusa. Endelea.

#16 Mama Daftari

Samahani kuingilia, mimi nina swali la mtu asiyejua. Nimeona mahali Januari kila mwaka Wamarekani zaidi ya milioni mbili wanapoteza kazi, lakini ripoti inasema ajira zimeongezeka. Hilo nalo ni mtetemo?

#17 Binti Hesabu

Hapana dada, hilo ni la msimu. Krismasi imeisha, maduka yanaachia vibarua, ujenzi umesimama kwa baridi. Hutokea kila mwaka, kwa hiyo wanaliondoa ili waone kilichobaki. Zikipotea kidogo kuliko ilivyozoeleka Januari, inaandikwa "zimeongezeka". Ni kama kusema mtoto wako ana homa kidogo kuliko jana. Bado ana homa.

Ila kuna mtego. Ili kujua "ilivyozoeleka" wanaangalia miaka ya nyuma. Sasa anguko kubwa kabisa lilitokea baridi ya 2008 kuingia 2009. Baadhi ya wachumi walihofia kwamba mashine ya kuondoa msimu ilidhani sehemu ya anguko lile ni tabia ya baridi, ikawa kila baridi inayofuata inapambwa kuliko haki yake, na kila kiangazi kinapunjwa. Angalia 2012 kwa namba za kwanza: Januari 243,000, Februari 227,000, Machi 120,000, Aprili 115,000, Mei 69,000. Baridi ya mwaka ule haikuwa kali pia, kazi za nje zikawahi kuanza. Nani anaweza kutenganisha kwa uhakika hali ya hewa, mashine na uchumi hapo? Kwa wakati ule, hakuna.

#18 Sauti ya Saba

Wakuu, kama namba ya mwezi haiaminiki, kiwango kinadanganya, marekebisho yanapindua, msimu unachanganya, tusome nini sasa? Au tufunge uzi twende tukalale.

#19 Mkata Nyasi

Usilale. Nitakuambia ninavyosoma mimi, na wengine waje na zao.

Sisomi mwezi. Nachukua wastani wa miezi mitatu, na miwili kati ya hiyo iwe imesharekebishwa. Ukifanya hivyo kwa ile sifuri ya Agosti 2011, anguko linageuka kuwa kupungua mwendo. Halafu naangalia marekebisho yanaelekea wapi, na hili wengi hawalijali kabisa. Miezi iliyopita ikiwa inarekebishwa kwenda juu mfululizo, mara nyingi hali ni nzuri kuliko ya mwezi huu inavyosema. Zikiwa zinarekebishwa kwenda chini, hata namba nzuri ya leo naishika kwa ncha za vidole.

Kiwango cha ukosefu wa ajira sikisomi bila kuangalia ushiriki wa nguvukazi pembeni yake. Desemba 2007, uchumi unaanza kuyumba, asilimia 66 ya watu wazima walikuwa kwenye nguvukazi. Desemba 2013 walikuwa chini ya 63. Na Desemba hiyo ndiyo mfano wangu wa pili kwa uzuri: ajira 74,000 tu kwa toleo la kwanza, lakini kiwango kikashuka kutoka 7.0 hadi 6.7. Nyumba yetu ya Ohio tena, ila sasa ni nchi nzima. Iliwatia Benki Kuu ya Marekani kwenye kona, kwa sababu mwaka mmoja nyuma walikuwa wametangaza kwamba hawatafikiria kupandisha riba mpaka kiwango kishuke hadi 6.5. Kikawa kinakaribia 6.5 huku kila mtu anaona soko la kazi bado linachechemea. Machi 2014 wakaiacha ile 6.5, wakasema wataangalia mambo mengi kwa pamoja.

#20 Mama Daftari

Lakini si wote waliotoka walikata tamaa kama Mpangaji. Wengine wamezeeka.

#21 Mkata Nyasi

Kweli mama, na nilitakiwa niliseme mwenyewe. Kizazi kikubwa cha waliozaliwa 1946 hadi 1964 kilianza kutimiza miaka 65 mwaka 2011. Hao wangeondoka hata kama uchumi ungekuwa unapaa. Wachumi walibishana miaka kadhaa kuhusu ni kiasi gani ni uzee na kiasi gani ni kukata tamaa. Njia moja ya kukwepa ubishi ni kuangalia wenye miaka 25 hadi 54 peke yao, wangapi kati yao wana kazi. Hao hawajastaafu, na wengi hawako shule. Ukifanya hivyo, hali ya 2013 ilikuwa bado mbaya kuliko kiwango kilivyosema.

Na kuna jambo ambalo namba yoyote ya mwezi hailisemi kwa sauti: muda. Mwaka 2010, karibu asilimia 45 ya wasio na kazi walikuwa wamekaa wiki 27 au zaidi. Wiki ya kwanza bila kazi unaamka saa kumi na mbili asubuhi unavaa shati. Wiki ya thelathini unaulizwa kwenye usaili "miezi saba hii ulikuwa unafanya nini?" na unaona kabisa mtu anafunga faili. Kwenye kiwango, wa wiki ya kwanza na wa wiki ya thelathini kila mmoja ni mtu mmoja.

#22 Binti Hesabu

Niongeze moja ya haraka: Oktoba 2013 serikali ilipofungwa siku 16 kwa kukosa bajeti. Watumishi waliorudishwa nyumbani, kwa kaya walihesabiwa hawana ajira kwa muda, kwa waajiri walihesabiwa wapo kazini kwa sababu walilipwa baadaye. Ofisi ile ile, mtu yule yule, majibu mawili.

#23 Nyundo Baridi

Mkuu Mkata Nyasi, umetueleza ya Mpangaji na ya kochi, wewe mwenyewe ulipata kazi lini? Usituache njiani.

#24 Mkata Nyasi

Haha, sawa. Nilipata Mei 2012, ghala jingine. Niliambiwa nianze Jumatatu tarehe 14.

Sasa angalieni kalenda. Wiki yenye tarehe 12 mwezi ule ilianza Jumapili tarehe 6 ikaisha Jumamosi tarehe 12 yenyewe. Kama mama wa Sensa angekuwa bado anatupigia, angeniandika sina ajira, kwa sababu wiki ile nilikuwa nyumbani napiga pasi suruali. Lakini ghala lilikuwa linalipa kila wiki mbili, na kipindi changu cha kwanza cha malipo kilikuwa tarehe 6 hadi 19. Tarehe 12 imo ndani. Kwa utafiti wa waajiri, nilikuwa kazini.

Ripoti ilitoka Ijumaa, Juni 1: ajira 69,000, kiwango kimepanda hadi 8.2. Kila mtu akasema ni mwezi wa hovyo kabisa. Mimi niliisoma wakati wa mapumziko, nimekaa juu ya kreti, na kadi ya kazi shingoni.

#25 Sauti ya Saba

Na Mpangaji?

#26 Mkata Nyasi

Alirudi shule. Bado hayupo kwenye nguvukazi, lakini sasa kwa sababu nyingine.